Mnyiramba Mmoja

Juzi asubuhi nilikuwa napepeta alizeti uani, redio iko dirishani, nikamsikia kijana wa habari akisema kwa sauti yake nzuri: "Mkulima mmoja wa Ikungi, mkoani Singida, amefariki dunia baada ya kusombwa na maji." Halafu akaenda kwa waziri. Waziri alitajwa jina lake, jina la baba yake, cheo chake, na cheo alichokuwa nacho kabla ya hicho. Nikaenda nikaizima. Mke wangu akaniuliza kama betri zimekwisha. Nikamwambia betri ni nzima, mimi ndiye niliyekwisha.

Basi ninyi mlio katika kazi hii ya habari, vijana wenye kalamu zisizovuja na mashine za kunasa sauti, nawaandikia nikiwa bado na hasira, kwa sababu zikipoa nitaacha. Nimefanya kazi hii tangu zama za Mwingereza mpaka nikastaafu. Mengi niliyoyajua hayana faida tena kwenu. Nani kati yenu anahitaji kujua kwamba karatasi ya habari ikipelekwa na lori la barua wakati wa masika lazima ifungwe kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, la sivyo inafika Manyoni ikiwa uji? Lakini kuna neno moja dogo mmelirithi kutoka kwetu, na mnalitumia bila kujua limetoka wapi. Neno lenyewe ni hilo "mmoja".

Katika gazeti letu la wakati ule watu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa na majina: Bwana Shauri, yaani Mzungu mkuu wa wilaya, daktari, mtemi, mchungaji wa misheni, karani, mwalimu. Hao hata wakihama kutoka kituo hiki kwenda kingine, jina lilitoka. Wa pili walikuwa "mmoja". Mwanamke mmoja. Mnyaturu mmoja. Mgogo mmoja. Mchunga ng'ombe mmoja. Wanazaa watoto watatu kwa mpigo, wanapigwa na radi, wanavuna maboga makubwa, na hawaitwi. Hapakuwa na sheria iliyobandikwa ukutani. Ulijifunza kwa kuona kilichokatwa.

Mimi nilifundishwa na Karani Saidi wa boma la Singida. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, kofia yake nyeupe muda wote hata kwenye vumbi la kiangazi, na Kiswahili chetu cha bara kilimuumiza masikio. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka habari za wilaya gazetini kabla yangu. Nilipopelekwa kufundisha shule ndogo ya Misigiri, akaniomba niwe namwandikia za upande wa Iramba. Baadaye, macho yalipomchoka, akaniachia kazi yote.

"Anza na mahali," alikuwa akiniambia. "Kisha kitu kilichotokea. Kisha nyamaza. Ukiona unaandika 'kwa hakika' au 'ni ajabu iliyoje', weka kalamu chini ukanywe maji."

Na juu ya majina alikuwa na lake. "Mwanangu, mtu usiyemjua vizuri mwandike 'mmoja'. Ukiandika mmoja hukosei."

Nilimdharau mpaka nilipokosea. Niliandika kwamba Jumanne wa Ikungi amekamatwa na pombe ya moshi. Ilikuwa kweli kabisa. Gazeti lilipofika, siku ya mnada, akaja Jumanne mwingine wa Ikungi, mwalimu wa Kurani, mtu ambaye hata harufu ya togwa ilimkimbiza. Alikuja na bakora, na shemeji zake, na bakora za shemeji zake. Nilipita nyuma ya banda la ngozi nikatokea kwenye uwanja wa mbuzi, na mbuzi walinisaidia kuliko serikali. Tangu siku ile nikampenda sana "mmoja". Nikamwandika kila mahali.

Tena huyo "mmoja" alituchekesha. Niliwahi kupeleka kwamba mkulima mmoja wa Ikungi amevuna boga la kubebwa na wanaume wawili. Mnada uliofuata nilikuta wazee watatu wamekaa mbali mbali, kila mmoja anapokea pongezi. Nilipomsogelea mmoja wao kumwuliza boga liko wapi, akanijibu kwa utulivu, "Tumeshalila." Mwenye boga hasa alikuwa mjane aliyekaa pembeni anauza vibuyu, wala hakujishughulisha kubishana. Nilicheka njia nzima mpaka Misigiri. Sikujiuliza yule mjane alikuwa anawaza nini.

Sasa niwaambie habari ya Kitundu.

Kitundu alikuwa mkulima wa Misigiri, mtu wa mtama na uwele na ng'ombe wachache, kimya sana. Masika yale simba walishuka. Walikwishachukua ng'ombe wa watu kadhaa, na wanaume walilala na mikuki. Simba dume aliruka ua wa zizi la Kitundu alfajiri, wakati mkewe anawasha moto. Kitundu akaingia zizini peke yake. Majirani walipofika walimkuta simba amekufa na mkuki ubavuni, na Kitundu ameegemea mlango wa zizi, bega limefunguka. Walimbeba kwa machela kumpeleka misheni. Hakufika.

Tulimzika siku ya pili yake. Baada ya maziko mkewe, Mama Msengi, alinifuata shuleni. Mwanamke mrefu, paji la uso pana, alikuwa anatembea polepole kama mtu aliyebeba mtungi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Ulikuja kutuzikia, nakushukuru. Sasa nina neno. Wewe si ndiye unayepeleka maneno gazetini?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwanangu Msengi yuko kwenye mkonge. Hajui kama baba yake amekufa."

Nikamwambia nitamwandikia barua. Akatikisa kichwa. "Utaipeleka wapi? Mwaka juzi alikuwa Korogwe. Wakasema amehamia Kilosa. Waliorudi juzi hawakumwona Kilosa. Manamba hawakai. Lakini gazeti si linafika kote huko?"

"Linafika. Kila kambi haikosi mtu wa kuwasomea wenzake."

"Basi liandike jina la baba yake. Akisikia Kitundu wa Misigiri, atakuja hata kwa miguu."

Kisha akanieleza haraka yake. Shemeji zake, ndugu wa marehemu, walikuwa wamekubali kungoja mpaka mavuno. Mtama ukishaingia ghalani, watamaliza matanga na kugawa ng'ombe. Msengi ndiye mtoto pekee wa kiume. "Akiwapo, atasema, hawa ni wa mama yangu, na nyumba hii ni ya mama yangu, na wao watanyamaza. Asipokuwapo, mimi nitasema nini? Mimi ni mtu wa kuja, mwalimu. Kwetu ni Iguguno."

Niliandika siku ile ile, naye amekaa kwenye benchi la watoto ananitazama. Nakumbuka kila neno: Misigiri, Iramba. Kitundu, mkulima wa hapa, baba yake Msengi aliye kwenye mkonge, alimwua simba kwa mkuki zizini mwake, naye akafariki kwa majeraha. Mkewe anangoja mwanawe arudi kabla ya mavuno. Nikamsomea. Akasema, "Hapo ni sawa." Nikaifunga kwa kitambaa cha mafuta na lori la barua likaichukua.

Siku hizo gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi na lilichukua siku zake kutufikia. Mama Msengi alikuwa akija kila lori likipita. Lilipofika akakaa kwenye benchi lile lile, akaweka mikono magotini. Habari yetu ilikuwapo, tena juu kabisa ya ukurasa. Nikaanza kusoma kwa furaha.

"Misigiri, Singida. Mnyiramba mmoja alimwua simba mkubwa kwa mkuki, simba huyo alipovamia zizi lake. Yeye pia akafa kwa majeraha. Wanyiramba ni hodari sana!"

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Jina liko wapi?"

"Hawakulitia, mama."

"Labda liko chini. Angalia chini."

Chini yake palikuwa na habari nyingine ya wilaya yetu, na kwa kuwa alikuwa ameikazia macho ile karatasi, nilisoma bila kufikiri. Mbwa wa Bwana Shauri, mweupe, sikio moja jeusi, aitwaye Tobi, amepotea. Atakayemwona anaombwa kumfikisha bomani.

Mama Msengi aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Hakuonyesha hasira. Akasema tu, "Mbwa wamemtaja jina." Kisha akasema, "Andika tena."

Nilipanda lori mpaka Singida nikamwona Karani Saidi. Nilikuwa nimejaa maneno ya kumtolea. Aliisoma ile habari, akaivua miwani, akakaa. "Mhariri hana ubaya," akasema. "Anaona Kitundu, anajiuliza, msomaji wa Lindi anamjua Kitundu? Hamjui. Anaokoa nafasi. Mimi pia ningekata." Halafu, nadhani alipoiona sura yangu, akaongeza, "Peleka kwenye matangazo. Kule nyuma hawakati."

Tukaandika pamoja tangazo la msiba, jina la marehemu, jina la mwana, mahali, na ombi la mama. Safari hii halikukatwa hata nukta. Lilitoka ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, kati ya baiskeli inayouzwa na mtu aliyepoteza cheti. Mama Msengi alifurahi. Aliniomba gazeti lile, akalifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuwaonyesha shemeji zake, ambao hakuna hata mmoja aliyejua kusoma. Walilitazama, wakamrudishia.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo mimi na Karani Saidi, pamoja na ujuzi wetu wote, hatukulijua. Sisi tulisoma gazeti kwa macho, peke yetu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini watu tuliokuwa tunawatafuta walilisikia. Kambini mtu mmoja anasoma, arobaini wamekaa wanasikiliza baada ya kazi, na msomaji naye amechoka. Anasoma kilicho kitamu: simba, wezi, moto, Bwana aliyetumbukia mtoni. Nani atawasomea watu waliochoka matangazo ya baiskeli? Gazeti likishafika ukurasa wa matangazo, linafungiwa sukari.

Mavuno yakaja. Mama Msengi akaomba wangoje mwezi mmoja zaidi, wakangoja, sitawasingizia. Kisha wakamaliza matanga. Ng'ombe waligawanywa asubuhi, wengi wakaenda upande wa kaka mkubwa, wengine bondeni kwa mdogo. Mama aliachiwa mtamba mmoja, naye akamuuza kwa sababu hakuwa na wa kumchungia. Akaja shuleni kuniaga akiwa na jembe, chungu na kapu, anaelekea kwa kaka yake Iguguno. Tembe lake wakalitia mbuzi.

"Akija," akaniambia, "mwelekeze."

Msifikiri nilikaa tu. Nilikasirika, na hasira hunipa akili kidogo. Nikaanza kuchunguza kalamu ya mhariri, inakata wapi na inaogopa wapi. Nikagundua kwamba haithubutu kumgusa mtemi. Basi nikajifunza kumfunga mtu mdogo kwa mtu mkubwa, fundo ambalo ukilikata habari yote inamwagika. Siandiki tena "Kitundu alimwua simba." Naandika, "Mtemi alikwenda mwenyewe kumpa pole mke wa Kitundu, ambaye mumewe alimwua simba." Hapo mhariri afanye nini? Aseme mtemi alikwenda kumpa pole mwanamke mmoja? Watu wangefikiri mengine. Jina linabaki. Njia nyingine ni kuliweka ndani ya maneno ya mtu: "Msaidieni Nzuki, ng'ombe wake wote wamekwisha," alisema mchungaji kanisani. Kwa hila hizo niliingiza majina mengi ya Iramba na Unyaturu katika gazeti lile, ya wafua vyuma, ya wajane, ya watoto waliopotea machungani. Baadhi walipatikana. Najivunia, siwafichi. Lakini kila lilipotoka jina nililolipenyeza, moyo uliniuma, kwa kuwa hila ile ilikuwa rahisi mno. Ningeijua masika yale, Mama Msengi angezeeka kwake.

Miaka ya baadaye nilichukuliwa Dar es Salaam, nikakaa upande wa pili wa kalamu. Nikaletewa magunia ya barua kutoka bara na pwani, na ukurasa ni ule ule mdogo. Ndipo nilipomwelewa yule mhariri, na kumwelewa hakukunifariji hata kidogo. Majina yalikuwa mengi kweli. Niliyoweza niliyaacha yabaki. Nikikata, nilikuwa nalisoma jina kwa sauti kwanza, peke yangu mezani, wenzangu wakadhani nina kichaa cha joto. Ndiyo heshima pekee niliyoweza kulipa.

La mwisho nimelizungukazunguka, lakini nililianza kwa ajili yenu, lazima nilimalize.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya simba. Mimi bado niko Misigiri, nangoja lori la barua kwenye kibanda cha chai pale njia panda. Lori likashusha kijana mwenye mabega mapana na sanduku la bati, na juu ya mkono amekunja koti la kijivu, jipya, zito, la mtu mzima. Akanisalimia kwa adabu, shikamoo, akaagiza chai na mandazi, akamnunulia na mwenye kibanda. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba ya mkonge. Sikuwahi kumwona kabla, kwani aliondoka Misigiri mimi sijaja. Lakini alipovua kofia nikaliona lile paji la uso. Nilijua pale pale. Nilitaka kumwuliza jina, nikamsogezea mandazi badala yake.

Yeye alikuwa na furaha ya mtu aliyefika. Alitaka kuzungumza. "Mzee, hapa ndipo penyewe," akasema, japokuwa mimi wakati ule nilikuwa kijana bado, ila alikuwa ananipa heshima ya miwani. "Kule kambini wananiita Simba. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya habari ya gazeti. Hukuisikia? Ilisomwa mpaka tukaishika." Akasimama kabisa, akanyoosha mkono kama ameshika mkuki, akaisema yote, neno kwa neno, kama mtoto anayesema sala. Mnyiramba mmoja alimwua simba mkubwa kwa mkuki, simba huyo alipovamia zizi lake. Yeye pia akafa kwa majeraha. Wanyiramba ni hodari sana. "Wazigua na Wabena walikuwa wanatudharau sisi watu wa bara la katikati. Siku ile nikawaambia, mmesikia? Misigiri hiyo! Huko ndiko kwetu! Tangu hapo nyapara mwenyewe ananiita Simba."

Mwenye kibanda alikuwa ameinamia birika, hageuki. Naye alikuwa mmoja wa waliobeba machela.

"Wewe hukusikia mengine?" nikamwuliza. "Mwezi uliofuata? Mle nyuma, kwenye matangazo?"

Akacheka. "Matangazo! Nani asome matangazo, mzee?"

Akakaa, akaliweka lile koti vizuri juu ya magoti lisiguse vumbi, akalipangusa kwa kiganja. "Hili la baba," akasema. "Baridi ya huku ya mwezi wa saba haina mchezo." Kisha akanywa chai, akanitazama kwa macho ya mtu anayependa hadithi na anataka kipande kilichobaki.

"Hivi yule Mnyiramba," akasema, "alikuwa nani?"

Nikamwambia. Nililisema kama nilivyoliandika siku ile mama yake amekaa kwenye benchi: Kitundu, mkulima wa hapa, baba yake Msengi aliye kwenye mkonge.

Hakupiga kelele. Aliuliza mama yake yuko wapi, nikamwelekeza Iguguno kama nilivyoagizwa. Aliuliza kaburi, mwenye kibanda akaacha birika lake akaenda naye. Koti lilibaki kwenye benchi mpaka nilipomfuata nalo.

Basi ninyi mnaoniambia kwamba muda wa taarifa ni mfupi na wasikilizaji ni wengi, hayo nayajua kuliko ninyi. Mahali fulani, labda Mwanza, labda mgodini, yuko kijana aliyemsikia mtangazaji wenu juzi asubuhi, akasema, mmesikia? Ikungi hiyo, huko ndiko kwetu. Akaendelea na kazi yake.

Nawauliza kama nilivyoulizwa mimi. Yule mkulima aliyesombwa na maji, alikuwa nani?